Jina Ambalo Kasyoka Hakulisoma

Kasyoka alifariki siku ya Alhamisi, mwezi wa Agosti mwaka wa 1994, na kabla ya saa sita mchana wazee wa boma letu pale Mbumbuni walikuwa wameniletea karatasi na kalamu. Hawakushauriana ni nani ataandika tangazo la kifo. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, mjane wa Nzioka aliyekuwa mkaguzi wa shule, na barua yoyote ya maana iliyotoka katika boma lile tangu niolewe mwaka wa 1961 ilipitia mikononi mwangu. Kasyoka alikuwa mke wa Mutiso, kaka mkubwa wa mume wangu. Tuliolewa nyumba moja, yeye akinitangulia kwa mwaka mmoja.

Niliandika jina la marehemu, jina la mumewe, ukoo na kata. Nilipofika mahali pa kuwataja walioachwa, niliruka jina moja kwa kusudi. Jina hilo ni Muthoki, pamoja na watoto wake watatu. Muthoki huyohuyo ndiye aliyekuwa ameniwekea kikombe cha chai kando ya karatasi.

Asiyetoka Ukambani huenda asione uzito wa jambo hilo. Kwetu, tangazo la kifo redioni lilikuwa kama cheti. Wenye mashine za kusaga walizizima ili watu wasikilize. Na mwaka mmoja au miwili baadaye, wazee walipoketi kugawa shamba, swali moja halikukosa kuulizwa: redio ilisema mjane ni nani, na watoto ni akina nani? Aliyetajwa alikuwa wa nyumba ile. Ambaye hakutajwa alikuwa na kazi kubwa ya kujieleza. Muthoki alikuwa ameishi kwa Kasyoka miaka kumi na tisa, na shamba alilolima lilikuwa la marehemu Mutiso. Nilijua vizuri nilichokuwa nikimfanyia. Nilijiambia kwamba ninaliokoa jina la familia.

Yaliyonipata kabla sijaimaliza karatasi ile yalinishtua, na mpaka leo naona haya kuyataja. Lakini heri niyaandike mimi kuliko kuwaachia watu wa soko. Na siwezi kuyaeleza bila kusema kwanza Kasyoka alikuwa nani.

Mutiso alikuwa fundi wa reli. Homa ya matumbo ilimchukua mwaka wa 1963, bila kumwachia mkewe mtoto. Kasyoka alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa amesoma hadi kidato cha pili, jambo ambalo siku zile ungezunguka vilima vyote mpaka Nunguni kabla ya kumpata mwanamke mwingine aliyelifikia. Alibaki katika boma la mumewe akifundisha shule ya karibu. Mwaka wa 1965 akasikia redioni kwamba wasomaji wa idhaa ya Kikamba wanatafutwa. Alipanda gari moshi kwenye stesheni ya mji wa Sultan Hamud na kiondo kimoja begani. Baba mkwe wetu aliambiwa kwamba ameenda kumwona daktari.

Huko Nairobi walimpa kipindi cha akina mama: namna ya kuchemsha maji ya kunywa, namna ya kumwachisha mtoto ziwa. Habari zilisomwa na wanaume. Kasyoka alinisimulia kwamba mkubwa wake mmoja alimwambia, bila ubaya wowote, kuwa mwanamke akisoma habari za vita watu watadhani ni umbea. Alingoja miaka miwili. Kisha siku moja ya mvua mwaka wa 1967 msomaji wa zamu alikwama ng'ambo ya mto uliofurika, na katika jengo lile zima hapakuwa na mtu mwingine anayekijua Kikamba.

Nzioka nami tulikuwa dukani kwa Bwana Hemedi, ambaye wazazi wake walitoka pwani wakafungua duka pale sokoni. Redio yake ilikaa juu ya rafu ya sabuni. Nilipoisikia sauti ile ikitamka jina lake kisha ikaanza kutaja mambo ya serikali, mfuko wa sukari uliniponyoka ukapasuka sakafuni. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia alimgeukia mwenye duka.

"Hemedi, redio yako imeharibika. Imeingiwa na mwanamke."

"Haijaharibika, mzee. Huyo ni mke wa Mutiso, wa papa hapa kwenu."

Mzee alisikiliza mpaka habari zikaisha. Halafu akauliza kama ile mvua aliyoitaja mke wa Mutiso itanyesha kweli, au ni mpaka aje mwanamume aiseme. Watu walicheka sana. Mvua ilinyesha usiku uleule, na kutoka hapo hakuna aliyeuliza tena.

Alikuwa mwanamke wa kwanza tuliyemsikia sisi akitusomea habari kwa lugha yetu, na niliona kazi ile ilivyomchosha. Habari zilimfikia kwa Kiingereza, zikiwa zimepigwa taipu, nusu saa kabla ya kwenda hewani, naye akazigeuza mwenyewe. Kila karatasi aliichora kwa penseli nyekundu: mstari mmoja wima mahali pa kuvuta pumzi, miwili mahali pa kunyamaza kidogo ili jambo zito liwaingie watu. Mwaka watu walipotua mwezini alikuja nyumbani kuniuliza tukiiteje kile chombo kwa Kikamba, tukabishana jikoni hadi mahindi ya muthokoi yakaungua motoni. Nilijivunia, na sioni sababu ya kuficha. Nikienda mikutano ya walimu Kitui, wenzangu walinionyesha kwa kidole kwamba huyo ameolewa boma moja na ile sauti, nami nilinyoosha shingo.

Mwaka wa 1968 alifanya kosa ambalo lilikuja kuamua mambo yote yaliyofuata. Sisi Wakamba hurudia majina ya babu, na kwa hiyo binamu wawili au watatu wanaweza kuwa na jina moja na la baba moja. Kasyoka aliletewa tangazo la kifo cha Mwangangi wa Ndolo, akalisoma kama lilivyoandikwa. Aliyekufa alikuwa Mwangangi wa upande wa Kitui. Lakini kulikuwa na Mwangangi wa Ndolo mwingine Nunguni, na huyo siku ile alikuwa Sultan Hamud akiuza mbuzi. Aliporudi alikuta mkewe amenyoa nywele, na wakwe zake wameshachinja fahali. Inasemekana aliomba angalau apewe maini, kwa kuwa matanga ni yake. Wiki iliyofuata alifika Nairobi mlangoni kwa watangazaji, akamwambia askari, "Mimi ndiye marehemu. Nataka kumwona huyo mama aliyeniua."

Kasyoka hakucheka. Alimwomba radhi, akasoma masahihisho siku tatu mfululizo, kisha akaketi akaandika kanuni, na wakubwa wake wakaikubali. Tangazo lisisomwe bila mhuri wa chifu. Lazima litaje ukoo, wake wote na watoto wote kwa majina, ili marehemu asichanganywe na mtu mwingine. Na zikija karatasi mbili kuhusu marehemu mmoja, zote zisimamishwe mpaka chifu aulizwe. Kwa kanuni hiyo watu walimheshimu kuliko hata kwa sauti yake. Ndipo tangazo likawa cheti.

Sasa nifike kwa Muthoki. Mwaka wa 1975 Kasyoka alipeleka ng'ombe na mbuzi katika familia moja upande wa Kitui, akarudi na msichana wa miaka kumi na tisa. Alimuoa. Ni desturi yetu ya zamani, na mwanamke aliyeolewa hivyo huitwa iweto. Mwanamke asiye na mtoto huoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba ya mume wake, hata kama mume huyo yuko kaburini. Baba aliyewazaa haulizwi jina. Nthenya, Mbula na Musembi walizaliwa kwa zamu, na wote waliandikwa watoto wa Mutiso, ambaye alikuwa amelala chini ya mchanga miaka kumi na miwili kabla ya kifungua mimba wake.

Nilishtuka kuliko ninavyoweza kueleza. Kanisani nilikuwa mwenyekiti wa kina mama. Nilijua desturi hiyo kwa bibi zetu, kwa watu wasiojua kusoma, lakini hapa palikuwa na mwanamke ambaye nchi ilimsikia akitaja mikutano ya mataifa. Nilikwenda nyumbani kwake nikamwambia hivyo, na mengine ambayo sitayarudia hapa. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliniacha nimalize.

"Mwalimu," akasema, "kila siku nasoma majina ya waliokufa, na baada ya majina nasoma nani amebaki. Mimi nikifa, Mutiso wangu atakuwa amebakiwa na nani?"

"Na watu watasema nini?"

"Watasema. Kisha itafika saa ya habari, watanyamaza wanisikilize."

Tuliendelea kusalimiana, lakini kwa mbali. Muthoki nilimwita "msichana wa Kasyoka", hata alipokuwa na watoto watatu na mvi mbili. Yeye aliniita Mwalimu na kuniletea maji kila nilipoingia uani.

Mume wangu Nzioka alifariki mwezi wa Aprili mwaka wa 1984, mwaka wa ile njaa kubwa. Moyo ulisimama akiwa kazini. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa tai na viatu vilivyong'aa, na kwa ajili ya ukaguzi wa shule alilala Sultan Hamud siku mbili kila wiki, miaka nenda miaka rudi. Niliandika tangazo mwenyewe, chifu akalipiga mhuri, kaka yangu akalipeleka Nairobi. Siku ya pili, saa saba na nusu mchana, uwanja wetu ulijaa watu, na Kasyoka ndiye aliyekuwa zamu. Alisoma kwa sauti iliyonyooka. Alipofika mahali pa walioachwa alisema, "Ameacha mjane, Mwalimu Mutindi," kisha akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mrefu mno kwa redio. Niliusikia ukipita kama mtu anayetembea polepole chumbani. Halafu akaendelea, "na watoto wanne," akawataja.

Wanawake uwanjani waliangua kilio kwa sababu ya kimya kile. Walisema hata Kasyoka wa redio ameshindwa kwa uchungu wa shemeji yake. Miaka kumi mizima watu walikuja kunikumbusha: ulisikia alivyonyamaza baada ya jina lako? Nami nilijibu kwamba nilisikia. Nililiweka jambo lile moyoni kama zawadi.

Kwenye mazishi nilimwona mwanamke mmoja mwenye buibui amesimama karibu na ua wa mkonge, na watoto wawili kando yake. Nilidhani ni mke wa mfanyabiashara wa Sultan Hamud aliyekuja kutoa pole. Nikampelekea chai. Nilipotazama tena hakuwepo.

Mwaka uliofuata, ghafla, sauti ya Kasyoka ilitoweka hewani. Hatukuelezwa. Tulisikia tu kwamba amehamishiwa chumba cha kuhifadhi kanda, na huko alikaa akipanga na kufuta vumbi hadi alipostaafu mwaka wa 1992. Mwanamke aliyekuwa ameanza kazi ile kabla ya wote, akawafundisha waliomfuata, alimaliza miaka yake akiwaletea vijana kanda. Alipoulizwa alisema koo limechoka. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilisema katika mkutano wa kina mama, nimesimama, kwamba mtu hawezi kuoa mwanamke mwenzake kisha aendelee kuaminiwa na serikali kusoma habari. Nilisema amejitakia. Nilisema mbele ya watu wapatao arobaini.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani Alhamisi ile, nikiwa nimeliruka jina la Muthoki. Karatasi ilikuwa karibu kukamilika. Ilibaki namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, kwa kuwa chifu hapigi mhuri bila hivyo. Nilimwita Muthoki, akaniletea sanduku la bati la Kasyoka pamoja na ufunguo, akarudi jikoni.

Kitambulisho kilikuwa juu. Chini yake kulikuwa na penseli nyekundu iliyobaki fupi kama kidole gumba, na bahasha moja ya kaki. Juu ya bahasha palikuwa na jina la mume wangu.

Ndani kulikuwa na karatasi nne. Ya kwanza niliitambua mara moja, maana ni mwandiko wangu. Lilikuwa lile tangazo la Nzioka la mwaka wa 1984. Kasyoka alikuwa amelichora alama zake nyekundu za pumzi, moja hapa, moja pale, na baada ya jina langu mistari miwili iliyokandamizwa hadi karatasi ikatoboka.

Ya pili lilikuwa tangazo jingine, la kifo kilekile, lililopigwa mhuri na chifu wa Sultan Hamud siku moja na langu. Lilimtaja marehemu kuwa Abubakar Nzioka. Lilimtaja mjane wake, Halima binti Hassan, aliyeolewa mwaka wa 1972, na watoto wawili, Mishi na Hassan.

Nilisoma mara tatu. Nilidhani ni yule mkosi wa majina tena, kwamba ni Nzioka mwingine. Lakini ukoo ulikuwa wetu, jina la baba lilikuwa la baba mkwe wangu, na kazi iliandikwa mkaguzi wa shule. Masikio yangu yalianza kulia kama redio iliyokosa stesheni. Mume wangu, ambaye nilimpigia pasi shati jeupe kila Jumapili kwa miaka ishirini na mitatu, alikuwa na dini nyingine, jina jingine na nyumba nyingine mwendo wa saa chache kutoka mezani kwangu.

Karatasi ya tatu ilitoka kwa wakubwa wa Kasyoka. Ilisema Bi Halima wa Sultan Hamud amelalamika. Ilisema Kasyoka alipokea karatasi mbili kuhusu marehemu mmoja, asubuhi ileile, na kanuni aliyoiandika yeye mwenyewe ilimtaka azisimamishe zote. Badala yake alisoma moja. Kwa sababu hiyo anaondolewa kwenye kipaza sauti. Ya nne ilikuwa nakala ya jibu lake, mstari mmoja tu: "Aliyesoma ni mimi. Sina utetezi."

Niliirudia karatasi ya kwanza, ile yenye mistari miwili. Nilikuwa nimeukumbuka ule ukimya. Halikuwa pengo la uchungu. Palikuwa mahali pa Halima, na Kasyoka alipafikia, akaliona jina kwenye karatasi ya pili, akalivuka, na kwa kulivuka akaiacha kazi aliyoingoja miaka miwili na kuifanya miaka kumi na saba. Alilivuka kwa ajili yangu, ili mimi nitoke nje siku ile nikiwa mjane pekee. Nami nilimlipa kwa kusimama mbele ya watu arobaini.

Nilimwita Muthoki. Aliingia, akaiona bahasha, akabaki mlangoni.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Miaka kumi yote, mbona hamkuniambia?"

"Mwaitu alikataa." Alimwita Kasyoka hivyo siku zote, mama. "Alisema wewe hutembea na kichwa juu, na kichwa hicho kikishuka utaanguka nacho. Akasema ni afadhali yeye akafute vumbi."

Alikusanya vikombe. Alipofika mezani hakuitazama karatasi yangu, lakini alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja kwamba chumvi imeisha, "Hii nyingine pia nimeisoma, Mwalimu, nilipoleta chai. Sitakuomba."

Akatoka. Sikuwahi kudharauliwa hivyo maishani, na hakuna neno hata moja alilosema ambalo ningeweza kulilalamikia.

Siwezi kusema nilibadilika palepale. Kwanza nilifikiria kuchoma bahasha. Jiko lilikuwa karibu. Nilifikiria wanangu wanne, wajukuu, kanisa, jina la Nzioka kwenye ukuta wa shule aliyoisaidia kujengwa. Kilichonizuia ni ile mistari miwili. Kila nilipoikunja karatasi niliiona upande wa pili, imetoboka. Familia hii ilikuwa na mtu mmoja tu ambaye jina lake lilikuwa safi nchi nzima, na alikuwa amelichafua kwa mkono wake ili langu lisiguswe. Ni jina gani basi nililokuwa nikililinda?

Jumamosi asubuhi nilikwenda Sultan Hamud. Sikumwambia mtu. Halima alikuwa na hoteli ndogo ya chai na mahamri karibu na stesheni ya reli, na sikuhitaji kuuliza mara mbili. Msichana aliyekuwa akifuta meza aliinua uso, nikaona paji la uso la mume wangu. Niliketi kwenye meza aliyokuwa akiifuta. Halima alinitambua pia. Alifuta mikono, akaja akasimama upande wa pili wa meza.

"Umechelewa miaka kumi, Mwalimu."

Nilimwambia kwamba sikujua. Alinipima kwa macho, nadhani akaamini.

"Ile chai yako ya mazishini niliimwaga," akasema.

"Sikulaumu."

"Kwangu alisilimu Ijumaa, na Jumapili akawa kanisani kwenu. Nilimwambia, Abubakar, siku moja utakufa, na hao wawili, Abubakar na Nzioka, watazikwa na nani? Akacheka." Alivuta kiti akaketi. "Yule dada wa redio alikuja hapa, unajua? Alikuja mwenyewe, baada ya kuondolewa hewani. Akaniomba radhi. Nikamwambia umemchagua mwenzako, na mimi ningemchagua wangu. Tangu hapo kila Idi aliwaletea watoto nguo."

Nilimwonyesha karatasi niliyoiandika upya usiku uliotangulia. Alimwita bintiye, Mishi, amsomee taratibu. Katika orodha ya walioachwa na Kasyoka nilikuwa nimemweka kwanza Muthoki, mke wa nyumba ya Mutiso, kisha Nthenya, Mbula na Musembi. Chini yake niliandika kwamba marehemu alikuwa shemeji ya Halima na Mutindi, wajane wa Nzioka. Halima alimsimamisha bintiye hapo.

"Geuza. Anza na jina lako. Wewe ni wa kwanza, mimi najua mpangilio. Sitaki watu waseme nimekuja kukupanda kichwani kwenye kifo cha mtu."

Nikageuza. Tulikwenda pamoja kwa chifu wa Sultan Hamud akapiga mhuri wake, na mchana nikapata ule wa chifu wetu. Alisoma, akavua miwani, akaivaa tena, akaniuliza kama nimesoma nilichoandika. Nilimwambia kwamba mimi ni mwalimu.

Kabla karatasi haijaondoka nilitoa ile penseli nyekundu iliyobaki, nikachora alama za pumzi kama nilivyomwona Kasyoka akifanya, ili msomaji asihangaike. Moja baada ya jina la marehemu. Moja baada ya ukoo.

Tangazo lilisomwa Jumatatu, saa saba na nusu. Mashine za kusaga zilizimwa. Uwanja ulijaa kuliko siku ya Nzioka, wazee kwenye viti, kina mama wa kanisa langu kwenye mikeka, na Muthoki amesimama penye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, kwa kuwa hakuwa na hakika. Sikuwa nimemwambia. Msomaji alikuwa msichana wa Kitui aliyefundishwa na Kasyoka mwenyewe. Lilipotajwa jina la Muthoki, niliusikia mwiko ukigonga jiwe. Watoto wake walitajwa mmoja mmoja, wana wa Mutiso.

Halafu yule msichana akasoma kwamba marehemu alikuwa shemeji ya Mutindi na Halima, wajane wa Nzioka. Vichwa vyote uwanjani viligeuka kunitazama. Mwanangu mkubwa alisimama, mdomo wazi. Mzee mmoja alisema labda redio imeharibika, na hakuna aliyecheka.

Nilikaa kitini mwangu, kichwa juu. Majina yale mawili yalikuwa yamesomwa kwa mkupuo, bila kituo. Pale katikati sikuwa nimechora alama yoyote.